SOMO: Kufundisha njaa duniani na sababu zake kwa wanafunzi wa sekondari

Kila muhula walimu huniuliza jambo lile lile: mada ya njaa nitaifundishaje bila kulisomea darasa kitabu? Nimejibu mmoja mmoja kwa miaka, sasa nayaweka yote hapa. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla ya kuuliza. Nafundisha Jiografia katika shule ya kutwa upande wa Nyando, Kisumu, kwa hiyo mifano yangu ni ya huku. Aliye Nakuru au Kakamega atie ya kwake.

Hatua ya 1. Tenga vipindi vitatu vya dakika 40, viwili vifuatane.

Hatua ya 2. Weka gorogoro (kopo la kupimia nafaka sokoni) la mahindi mezani. Wiki mbili kabla, wape wanafunzi wanne kazi ya kuandika bei ya gorogoro kila siku ya soko, Ahero au Kibuye, kisha bei hizo zichorwe ubaoni. Halafu hesabu ya mfano: kibarua anapata shilingi 400 kwa siku, ana watoto wanne. Gorogoro likitoka 100 likafika 160, ni kitu gani kinaondoka jikoni kwake? Usiwajibie. Watakuambia wenyewe kwamba mafuta yanapungua, halafu omena (dagaa), halafu chakula cha mchana kinafutwa kabisa.

Hatua ya 3. Tenganisha maneno. Njaa sugu ni kula pungufu ya mahitaji ya mwili siku baada ya siku. Njaa fiche ni tumbo kujaa ugali huku mwili ukikosa madini ya chuma, iodini au vitamini A. Baa la njaa hutangazwa kwa vipimo: angalau kaya 20 katika kila 100 hazina chakula kabisa, watoto 30 katika 100 wana utapiamlo mkali, na watu 2 katika kila 10,000 wanakufa kila siku. Kwa makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2024 watu wapatao milioni 673 duniani walikuwa na njaa sugu. Barani Afrika ni zaidi ya mmoja katika kila watano.

Hatua ya 4. Sababu. Ukiuliza darasa chanzo cha njaa, watasema ukame. Kubali, kisha endelea kuuliza "kwa nini?" mpaka wafike chini. Mimi hutumia ukame wa 2020 hadi 2023 kule kaskazini. Misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa hapa Kenya. Lakini barabara ya Kitale kwenda Lodwar ilikuwepo, na malori yalipita. Kwa nini mahindi hayakuingia kila nyumba? Kwa sababu mfugaji hununua mahindi kwa kuuza mbuzi, na ukame unapokaza, mbuzi anakonda, kila mtu anataka kuuza, bei ya mbuzi inaporomoka wakati ule ule bei ya mahindi inapopanda. Anauza mbuzi watatu kupata alichokipata kwa mmoja.

Njaa ina sura nyingine pia. Wakamba waliita njaa moja ya miaka ya 1980 *Nikw'a Ngwete*, yaani nakufa nikiwa na fedha mkononi. Hapo pesa ilikuwepo, chakula ndicho hakikuwa sokoni. Weka mifano hii miwili ubaoni sambamba na uwaachie wabishane.

Usisahau vita. Somalia mwaka 2011 ukame ulikutana na mapigano na misaada kuzuiwa, wakafa watu wapatao 260,000, nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano. Mwaka 2024 baa la njaa lilithibitishwa katika kambi ya Zamzam, Sudan, na pale chanzo kikuu kilikuwa bunduki.

Hatua ya 5. Igizo la mgao. Hapa soma polepole, maana hapa niliumiza mtoto.

Kuna igizo linalojulikana: wanafunzi wanachota karatasi, wachache wanapewa sahani iliyojaa, wengine uji, waliobaki maji. Nililifanya kabla ya saa ya chakula cha mchana nikiwa na chapati na ndengu za kununua. Msichana mmoja wa Kidato cha Pili alichota maji. Alikaa dakika ishirini akitazama mwenzake akila, kisha akaomba ruhusa akatoka. Hakurudi siku hiyo wala kesho yake. Rafiki yake ndiye aliyeniambia kwamba nyumbani kwao hawakuwa wamepika tangu jana yake mchana. Nilikuwa nimemfundisha njaa mtu aliyekuja nayo shuleni. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na siku ile mwenye shibe nilikuwa mimi. Nilikwenda kwao kuomba radhi, na tangu hapo nimelibadilisha igizo lote.

Sasa nalifanya hivi. Darasa la wanafunzi 45, punje za mahindi makavu 90, yaani mbili kwa kila mtu, na watangaziwe hivyo mwanzoni. Mahali ni Bengal, India ya wakoloni Waingereza, mwaka 1943. Bahasha zina pesa za karatasi: mvuvi 2, kibarua wa shamba 2, fundi 5, mfanyakazi wa kiwandani Calcutta 15, mfanyabiashara 40. Mwalimu anauza punje kwa mnada. Wenye pesa hununua na kuweka akiba kwa hofu, bei inapanda, na mzunguko wa tatu wavuvi hawana kitu. Mwisho hesabuni punje zote: bado ni 90.

Baada ya hapo ndipo uwaeleze habari yenyewe. Burma ilikuwa imetekwa na Japani mwaka 1942 na mchele wake ukakatika. Kimbunga kilipiga Oktoba mwaka huo. Serikali ilinyang'anya mashua za pwani ikihofia Wajapani, wavuvi wakabaki bila kazi. Fedha za vita zikapandisha bei. Walikufa watu wanaokadiriwa kuwa kati ya milioni 2 na 3. Amartya Sen, aliyeishuhudia njaa hiyo akiwa mtoto na akapata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1998, alionyesha kwamba chakula kilichokuwepo 1943 hakikuwa kidogo kuliko cha 1941, mwaka ambao baa hilo halikutokea.

Maonyo, na sitanii:
- Usitumie chakula cha kuliwa. Hata biskuti.
- Usiulize "nani hapa amewahi kulala njaa?" Anayeinua mkono anajianika, asiyeinua anajificha, na wewe hujapata kitu.
- Gawa bahasha wewe mwenyewe. Usimpe mtoto wa kibarua nafasi ya kibarua.
- Picha za watoto waliokonda ziache. Hazielezi sababu yoyote.
- Fanya baada ya chakula cha mchana, na mwalimu wa ushauri nasaha ajue.

Hatua ya 6. Kila mmoja achore kalenda ya miezi ya ghala kujaa na kuwa tupu katika eneo lao, bila kutaja nyumba yake. Mafuriko ya Nyando yatajitokeza yenyewe.

Hatua ya 7. Wasome Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inayompa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, kisha wamwandikie barua mwakilishi wa wadi.

MASWALI

Mwl_Molo: Asante mkuu. Tafadhali tuma notisi kwa PDF, na hizo biskuti zinatosha pakiti ngapi kwa wanafunzi 50?

Mwandishi: Hakuna PDF, na hakuna biskuti. Rudi Hatua ya 5.

Nyar Seme: Mwalimu, mwanafunzi wangu alisema watu wamezaana kupita kiasi, ndiyo maana kuna njaa. Nilikosa la kumjibu.

Mwandishi: Swali zuri sana, dada. Mwambie si wa kwanza. Mwingereza Malthus aliandika hivyo mwaka 1798, dunia ikiwa na watu karibu bilioni moja. Sasa tumepita bilioni 8, na chakula kinachopatikana kwa wastani ni zaidi ya kilokalori 2,800 kwa mtu kwa siku. Lakini usimnyamazishe. Shamba la babu likigawanywa kwa wajukuu kumi na wawili linabaki kipande, na hilo analiona kwao. Muulize: kwa nini kipande hicho ndicho tegemeo pekee la familia? Hapo mtaingia kwenye ajira, mbolea, bei ya mazao. Nilipofundisha hivyo, darasa langu liliomba kipindi cha nne.

Kijana wa Bahati: Tuseme ukweli, hawa wa kaskazini wangelima badala ya kufuga tusingekuwa na shida. Ni uvivu.

Mwandishi: Sehemu kubwa ya Turkana hupata mvua chini ya milimita 300 kwa mwaka, na mahindi huhitaji takriban 500 kwa msimu mmoja. Mtu anayetembeza mbuzi kilomita nyingi kutafuta maji si mvivu. Usilipeleke neno hilo darasani, huenda mtoto wa mfugaji amekaa dawati la nyuma.

Kijana wa Bahati: Sikujua kuhusu mvua. Je, unyunyizaji maji?

Mwandishi: Panapo mto inawezekana, tazama mpunga wa Ahero hapa kwetu. Wape wanafunzi kazi ya kuulizia gharama: pampu, mafuta, mifereji, na nani hulipa mto unapofurika. Ukipata majibu yao niletee, nitayatumia.

Mama Shinyalu: Mimi si mwalimu, nimesoma tu. Kwa njaa fiche ongeza viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vina vitamini A. Na mboga za kienyeji, managu, saga na mrenda, ziko karibu na kila boma.

Mwandishi: Asante mama. Huku twaita osuga, dek na apoth. Darasa lina lugha tatu, kwa hiyo tumeandika majina yote kwenye chati.

Nyar Seme: Na hasara ya ghalani? Mahindi yetu ya mwaka jana yaliota ukungu.

Mwandishi: Hayo usile wala usimpe kuku. Sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, iliua watu 125 Ukambani mwaka 2004. Kabla ya kuweka gunia, pima hivi: chupa kavu ya glasi, mahindi kidogo, chumvi kavu vijiko viwili, funga, tikisa dakika chache, kisha yaache yatulie. Chumvi ikishika kwenye glasi, mahindi bado yana unyevu.

Mwl_Molo: Nimejaribu na ya shule leo. Imeshika. Chumvi nilitoa tu kwenye pakiti.

Mwandishi: Ianike chumvi kwanza mpaka ikauke kabisa, urudie. Ikishika tena, toa mahindi juani juu ya turubai, si juu ya udongo, yageuzwe mara kwa mara, na jioni yafunikwe kabla ya umande.