Kumrekodi kijana mpiga fidla kwa ajili ya redio, mbele ya hadhira

Msikilizaji wa redio haoni mkono wala uso wa mpigaji. Sauti ndiyo yote anayopata, na maandalizi yaanzie hapo. Kipindi cha redio cha From the Top cha Marekani kilianza kuwarusha hewani wanamuziki wa miaka 8 hadi 18 mwaka 2000, muziki ukichanganywa na mazungumzo. Muundo huo unafaa kuigwa.

Chagua kipande cha dakika 4 hadi 6 ambacho kijana ameshakipiga mbele za watu. Kinachoanza kwa sauti ya chini mno hakifai: aliye ndani ya gari hatasikia kitu, na mitambo ya kituo ikiivuta sauti hiyo juu, inapanda pamoja na vikohozi vya ukumbini.

Nyuzi mpya za fidla zifungwe siku tatu au nne kabla. Zikifungwa siku yenyewe zitalegea katikati ya wimbo. Piano ya kumsindikiza ityuniwe siku ya kurekodi, noti ya A iwe hezi 440, taa za jukwaa zikiwa zimeshawaka kwa muda, kwa sababu joto huihamisha sauti.

Kwa maiki, jozi moja ya kondensa (maiki zenye usikivu mkali) aina ya kadioidi, yaani zinazonasa zaidi sauti ya mbele, inatosha. Zitenganishe kwa sentimita 17, pembe kati yake iwe digrii 110. Ndio mpango wa ORTF, uliotoka redio ya Ufaransa. Stendi iwe na kimo cha mita 2.5 hadi 3, mita 2 hivi mbele ya mpiga fidla. Piano ikiimeza fidla, usikimbilie mikseri. Shusha kifuniko cha piano kwenye kijiti kifupi, kisha msogeze kijana nusu mita mbele. Maiki ya ziada ikibandikwa karibu na fidla huleta mkwaruzo wa upinde kuliko muziki wenyewe.

Rekodi kwa biti 24, kilohezi 48. Kwenye mazoezi vilele vya sauti visipite desibeli −12 kwenye mita ya kinasa sauti, maana watu wakijaa vijana hupiga kwa nguvu zaidi, na kwa kasi zaidi pia.

Mazoezi hayo yarekodiwe, kijana asikilize akiwa amefumba macho. Hapo ndipo atakapousikia mguu unaogonga sakafu, pumzi inayovutwa puani kabla ya noti ya kwanza, karatasi inayogeuzwa. Mguu dawa yake ni zulia. Pumzi aivute kwa mdomo, taratibu. Karatasi zitandazwe zote bila kugeuzwa.

Mahojiano yafanyike baada ya kupiga, kwa maiki nyingine ya mazungumzo tu, dakika moja na nusu. Akihojiwa kabla, mikono inapoa. Asiandikiwe majibu, atayasoma kama yuko kwenye mtihani. Mwulize ni sehemu gani inamtoa jasho, aipige pale pale: msikilizaji ataelewa kuliko kwa maelezo.

Makofi yasubiri upinde ushuke. Kabla hadhira haijaondoka, rekodi sekunde 30 za ukimya wa ukumbi. Bila hizo, kila unapokata mazungumzo hewa ya ukumbi itakatika, na pengo hilo litasikika.