Picha ya Monet uliyonayo ukutani, utajuaje ni printi ya aina gani na inauzika bei gani

Tuelewane kwanza, hiyo ya kwako sio orijino. Tuchukulie unayo ile ya jua linachomoza, Impression, soleil levant ya mchoraji Mfaransa Monet: orijino yake ya 1872 iko Paris, kwenye makumbusho ya Musée Marmottan Monet (iliibiwa 1985 kweli, ila ilishapatikana 1990 kule Corsica so usianze kuota). Cha kujiuliza ni imetengenezwaje, bei inatokea hapo.

Tafuta kioo cha kukuzia, cha mara 10 kinatosha, angalia sehemu ya anga. Ukikuta vidoti vya bluu, pinki, njano na nyeusi vimejipanga kama maua madogo madogo basi ni ofseti, yaani imechapwa kwa mashine kubwa, imetoka kiwandani na wenzake kibao. Vidoti vimetawanyika ovyo kama vumbi? Hiyo ni inkijeti, wauzaji wanaiita giclée, jina tamu ila ni printa ya wino tu. Hakuna vidoti kabisa na rangi zinaingiliana, hapo kuna mtu kakaa akachora, mfano zile zinazotoka kijiji cha Dafen kule China ambako wanakopi kwa mkono.

Sasa wengi wanaingia mkenge hapa: unapapasa unasikia matuta ya brashi unasema eeh hii ya mkono. Subiri. Zima taa, mulika tochi kutokea pembeni, halafu fuata lile jua la chungwa na mistari yake kwenye maji. Kama kachora mtu matuta yanaenda na rangi, jua lina tuta lake na maji yana yake, lakini kama matuta yanakatiza tu juu ya jua kama vile halipo, hiyo ni jeli ya kuona ndani imepakwa juu ya printi ili ifanane na mchoro.

Pima pia saizi, uone kama uwiano wa urefu na upana unalingana na wa orijino. Orijino ya Monet ni sm 48 kwa 63. Mfano mwingine, ile ya mchoraji Renoir ya watu wanacheza dansi, Bal du moulin de la Galette, ni 131 kwa 175, kwa hiyo kopi yake ya 50 kwa 70 lazima wamekata mahali au wameivuta.

Saini iliyochapwa pamoja na picha haiongezi hata senti. Ya penseli chini na namba 120/500 (yaani nakala ya 120 kati ya 500) sio ya Monet, alikufa 1926, na cheti cha muuzaji ni karatasi tu. Kama imechapwa kwenye karatasi, iweke chini ya taa ya kukagulia noti, ikiwaka bluu-nyeupe ujue karatasi ni ya baada ya 1950 hivi.

Kwenye bei, ofseti ni pambo tu. Zenye wateja ni mabango ya zamani ya maonyesho ya sanaa, hasa litografu (zilizochapwa kwa jiwe au bamba) za kiwanda cha uchapaji cha Mourlot cha Paris, ila zikipauka na jua au zikigundishwa kwenye hadibodi bei inaporomoka. Angalia bei ambazo watu wamelipa kweli kwenye minada, sio bei wanazotaja wauzaji. Na cheki fremu, mi nshanunua moja kwa sababu ya fremu tu, picha yenyewe nikaitoa siku hiyo hiyo.