Kujifunza Kuchora kwa Michezo ya Kikundi na Daftari la Kila Siku: Mwongozo kwa Wakazi wa Kisumu

Watu wengi wazima wanaosema kwamba hawawezi kuchora hawana kasoro yoyote ya mkono. Kinachowakwaza ni mazoea ya kuchora kile wanachokijua badala ya kile wanachokiona. Anayechora jicho huchora alama ya jicho aliyoikariri shuleni, na anayechora mtumbwi huchora mtumbwi wa kitabuni, hata kama ameketi ufuoni Dunga na mitumbwi halisi imepangwa mbele yake. Kwa hiyo mafunzo ya kuchora ni mafunzo ya kutazama kabla hayajawa mafunzo ya mkono, na kwa maoni yangu hakuna njia inayofundisha kutazama upesi kama mchezo unaochezwa na watu kadhaa kwa pamoja, ukifuatwa na dakika chache za daftari nyumbani kila siku. Mchezo huondoa aibu, nalo daftari hujenga mazoea. Nimeona vikundi vilivyocheza bila daftari vikibaki palepale vilipoanzia, na nimeona watu waliojifungia na daftari peke yao wakikata tamaa kwa sababu hakuna aliyewaonyesha kwamba mchoro wa jirani nao umepinda.

Kikundi, mahali na saa

Anza na watu sita hadi kumi na wawili. Wakipungua hapo, kila mmoja hujiona anatazamwa mno. Wakizidi, mwezeshaji hawezi kupita kwa kila mmoja. Changanya umri ikiwezekana, kuanzia watoto wa miaka minane hadi wazee, kwa kuwa watoto huchora bila kuomba radhi na wakubwa huwaiga bila kujua. Si lazima mwezeshaji awe msanii. Anatakiwa kushika saa, kueleza mchezo waziwazi, na kuchora pamoja na wengine badala ya kusimama kando na mikono nyuma.

Kuhusu saa, kumbuka kwamba Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Jua la adhuhuri huwa juu ya utosi, vivuli hujikunyata chini ya vitu, na kila umbo huonekana bapa. Kipindi cha saa tatu asubuhi au saa kumi jioni hukupa mwanga wa upande, ambao ndio unaoonyesha unene na mviringo wa kitu. Ukichagua jioni, maliza kabla ya saa kumi na mbili na nusu, kwani giza huingia haraka. Katika miezi ya mvua ndefu, Machi hadi Mei, tafuta pia baraza au ukumbi, maana karatasi iliyolowa haichoreki. Saa moja na nusu kwa juma inatosha.

Vifaa na daftari la kushona

Usinunue vitu vingi. Penseli mbili zinatosha kuanzia: HB ya kawaida ya shule na nyingine laini, 2B au 4B. Risasi ya penseli ni mchanganyiko wa grafiti na udongo. Udongo ukizidi penseli huwa ngumu na mstari huwa hafifu, grafiti ikizidi penseli huwa laini na nyeusi. Ichonge kwa wembe au kisu ili risasi ijitokeze kiasi cha sentimita moja, nawe utaweza kuilaza na kutia kivuli kwa ubavu wake. Kalamu ya wino nayo ni mwalimu mzuri, kwa sababu haifutiki. Raba iwekwe mbali katika nusu saa ya kwanza ya kila kipindi, na kanuni hii nisingeilegeza hata kwa mtu anayeisihi: anayefuta kila mstari huwa anatazama karatasi yake wakati wote, na kitu anachokichora hakitazami tena.

Daftari unaweza kulishona mwenyewe, na kulishona pamoja ni kazi nzuri ya kipindi cha kwanza. Chukua karatasi nane za A4 za gramu 80, zile za rimu zinazouzwa katika kila duka la vifaa vya ofisi, zikunje katikati kwa pamoja, na uongeze katoni nyembamba nje kuwa jalada. Utapata kurasa 32 za ukubwa wa A5. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, moja katikati na mengine juu na chini. Pitisha sindano kutoka ndani kwenda nje kupitia tundu la katikati, ingia ndani kwa tundu la juu, shuka ndani moja kwa moja hadi tundu la chini na utoke nje, kisha rudi ndani kwa tundu la katikati. Funga ncha mbili za uzi juu ya ule uzi mrefu uliopita katikati. Daftari la namna hii haliogopeshi kama lile la bei ghali, na mtu hulichafua kwa moyo mweupe.

Michezo ya darasani

Fungua kipindi kwa kuzoesha bega. Katika kisiwa cha Mfangano, kwenye miamba ya Kwitone na Mawanga, kuna michoro ya kale ya miduara na mizunguko iliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Waambie wanakikundi wajaze karatasi kubwa kwa miduara ndani ya miduara, mkono wote ukizunguka kutoka begani na kifundo kikiwa kimetulia. Dakika tatu zinatosha kuondoa ule ugumu wa vidole unaotokana na miaka mingi ya kuandika herufi ndogo.

Mchezo wa pili ndio moyo wa mafunzo yote, nao unastahili muda mrefu kuliko mingine. Watu wawili wawili huketi wakitazamana, na kila mmoja humchora mwenzake bila kuitazama karatasi na bila kuinua penseli. Jicho huanza mahali fulani, tuseme kwenye sikio, na kutembea polepole kama mdudu anayetambaa ukingoni mwa uso, na penseli hutembea kwa mwendo uleule. Jicho likisimama, penseli isimame. Dakika mbili zikiisha, kila mtu hugeuza karatasi na darasa zima huangua kicheko, kwa kuwa pua imeangukia shavuni na macho hayakutani. Kicheko hicho kina kazi. Hakuna aliyechora vizuri, kwa hiyo hakuna wa kuaibika. Lakini ukichunguza mistari yenyewe utakuta vipande vilivyo hai kweli, mkunjo wa kope au pembe ya mdomo, ambavyo mchoraji asingevipata kama angeitegemea kumbukumbu yake. Mwezeshaji avionyeshe vipande hivyo kwa kidole. Rudieni mara tatu, kisha mruhusiwe kuitazama karatasi mara moja tu kwa kila dakika.

Kuna jambo la adabu hapa. Katika familia nyingi za kwetu, kijana kumkazia macho mzee ni utovu wa heshima, na mtoto anayeambiwa amtazame nyanya wa jirani usoni kwa dakika mbili hatajisikia vizuri. Anza kwa kuchora mikono, kila mtu mkono wake wa kushoto, halafu wapange rika kwa rika. Mzee akiwa radhi, mwezeshaji na aseme wazi mbele ya wote: “Mama, utaturuhusu tukuchore?” Ruhusa hiyo ikitoka kinywani mwake, darasa hutulia.

Mchezo wa karatasi iliyokunjwa hupendwa sana na watoto. Wachoraji na washairi wa Paris waliucheza mwaka 1925, lakini huhitaji chochote cha Paris kuucheza. Kunja karatasi sehemu tatu. Wa kwanza huchora kichwa, hukifunika na kuacha vimistari viwili vya shingo vikivuka mkunjo. Wa pili huchora kiwiliwili, wa tatu miguu. Kikifunuliwa, hutokea kiumbe chenye kichwa cha ngege, tumbo la tuktuk na miguu ya heroe wa Nakuru. Wakubwa hujifunza hapa kwamba mchoro haulazimiki kufanana na kitu chochote ili upendeze.

Kisha kuna michoro ya haraka. Mwanakikundi mmoja husimama katikati na kuigiza kazi: kuvuta wavu, kugeuza samaki kwenye karai la mafuta, kujitwisha gunia, kusukuma baiskeli mlimani. Hutulia katika mkao huo kwa sekunde 30, na wengine huanza na mstari mmoja tu unaopita kutoka kichwani hadi kwenye mguu unaobeba uzito, ndipo waongeze mabega, nyonga na viungo. Usiruhusu sura, vidole wala vifungo vya shati. Baada ya mikao mitano ya sekunde 30, fanyeni miwili ya dakika moja na mmoja wa dakika mbili, na mtashangaa jinsi dakika mbili zinavyoonekana ndefu.

Siku nyingine weka kitu ndani ya mfuko, birika kwa mfano. Mtu mmoja hukipapasa bila kukitaja na kueleza umbo lake, na wengine huchora wanachosikia. Au ulaze baiskeli ubavuni na kuliagiza darasa lisichore chuma chochote, bali nafasi tupu zilizo kati ya vyuma: pembetatu za fremu, vipande kati ya spoki, pengo chini ya tandiko. Nafasi hizo hazina jina, na kwa kuwa hazina jina akili haina alama ya kukariri. Jicho hulazimika kupima. Baiskeli hujitokeza yenyewe, na uwiano wake mara nyingi huwa sahihi kuliko wa mtu aliyejaribu kuichora moja kwa moja.

Daftari la nyumbani

Dakika kumi kila siku zina manufaa kuliko saa mbili za Jumamosi. Andika tarehe kwenye kila ukurasa na usichane hata mmoja, kwa sababu ukurasa mbaya wa leo ndio utakaokuonyesha baada ya miezi miwili kwamba umesogea. Chagua kitu kimoja na ukichore juma zima: jani la sukuma wiki, kiatu, au sufuria.

Sufuria naipendekeza kuliko vyote, kwa kuwa ina somo ambalo wanaoanza hulikosea daima. Mdomo wake ni duara, lakini ukiutazama kwa upande unaona duaradufu. Iweke mezani, kisha chini sakafuni, kisha kwenye rafu iliyo sawa na macho yako, na uichore kila mara. Kadiri mdomo unavyoshuka chini ya usawa wa jicho ndivyo duaradufu inavyofunguka; ukiwa sawa na jicho, inakuwa mstari mmoja tu. Ncha zake mbili ni za mviringo, kamwe si kali, na ukingo wa chini wa sufuria umepinda zaidi kidogo kuliko ule wa juu, ilhali wengi huuchora kama mstari ulionyooka kwa sababu wanajua sufuria imekaa mezani bila kuyumba.

Ili kupima, nyoosha mkono wote bila kukunja kiwiko, fumba jicho moja, na ulinganishe urefu wa kitu na upana wake kwa kusogeza kidole gumba kwenye penseli. Kiwiko kikikunjwa vipimo vyote huharibika. Kwa vivuli, chora visanduku vitano na uvijaze kutoka weupe wa karatasi hadi weusi mzito wa penseli yako, kisha chora yai moja karibu na dirisha ukitumia viwango hivyo vitano pekee.

Picha za simu ziache kwanza. Kamera imekwisha kuamua kipi kiwe karibu na kipi kiwe mbali, nawe utakuwa unanakili uamuzi huo.

Kutoka nje pamoja

Mara moja kwa mwezi, toeni madaftari nje. Jumba la Makumbusho la Kisumu, lililofunguliwa mwaka 1980, lina boma la jadi la Waluo ambalo nyumba zake za mviringo na mapaa yake ya nyasi ni zoezi kamili la duaradufu na la umbo la koni. Lina kobe vilevile, na sijui mnyama mwingine anayemvumilia mwanafunzi wa kuchora kama kobe. Dunga panafaa kwa mitumbwi na mafunjo. Soko la Kibuye siku ya Jumapili linafaa kwa michoro ya haraka, mradi mketi kwenye kibanda cha chai msizuie njia ya wachuuzi. Mawe ya Kit Mikayi, kwenye barabara ya Bondo, yanafundisha uzito na kivuli, lakini watu huenda pale kusali, basi ulizeni kwanza mahali pa kuketi. Mwenye duka au mtumbwi naye huombwa ruhusa, na akitaka kuuona mchoro aonyeshwe.

Mkirudi, tandazeni madaftari yote sakafuni, na kila mtu aseme kuhusu mchoro wa mwenzake sentensi inayoanza na “Naona”. Naona mstari huu umekolea hapa. Naona mtumbwi huu unaegemea kushoto. Maneno “mzuri” na “mbaya” yasitumike katika miezi mitatu ya kwanza, hata na mwezeshaji, kwa sababu anayesifiwa hurudia kilekile na anayelaumiwa huacha. Miezi hiyo ikipita, tengeni kipindi kizima kwa mchoro mmoja wa saa nzima: viti vitatu, birika na kitambaa katikati ya ukumbi, mwanga ukitoka upande mmoja, na raba sasa ikiruhusiwa mezani.