Jinsi ya kutambua aina ya bondi ya kemikali, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mtahiniwa wa kujitegemea anayesoma kemia nyumbani, bila mwalimu wa kumwuliza. Wengi hukwama kwenye bondi, yaani kinachozishikanisha atomi, kwa kuwa hukimbilia hesabu kabla ya kuzitazama elementi zenyewe.

Andaa kwanza jedwali la elementi na orodha ya namba za Pauling, zinazoonyesha kila atomi inavyovuta elektroni ikiungana na nyingine.

Hatua ya 1: Andika fomula, kisha pigia mstari kila metali. Ukikuta metali na isiyo metali, shika kwa muda kwamba ni bondi ioni: atomi moja inatoa elektroni, nyingine inapokea, na zote mbili huwa ioni, yaani atomi zenye chaji. Zote zikiwa si metali, kwa kawaida ni kovalenti, maana elektroni zinachangiwa. Ikiwa ni metali tupu, kama shaba ya waya wa umeme, ni bondi metali, na kazi imekwisha.

Hatua ya 2: Toa namba ndogo ya Pauling kwenye kubwa. Klorini 3.16 toa sodiamu 0.93 unapata 2.23: ioni. Oksijeni 3.44 toa haidrojeni 2.20 unapata 1.24: kovalenti, lakini elektroni zimeelemea upande wa oksijeni. Kaboni na haidrojeni hutofautiana kwa 0.35 tu, kwa hiyo zinachangia karibu sawa. Vitabu vingi huweka mpaka kati ya kovalenti na ioni kwenye 1.7.

Mpaka huo usiuamini peke yake. Haidrojeni floridi ina tofauti ya 1.78, lakini huchemka kwenye nyuzi 20 hivi za Selsiasi, na bondi yake ni kovalenti. Alumini kloridi ina metali ndani yake. Hata hivyo, ikiwa kavu hugeuka mvuke karibu na nyuzi 180, tofauti na kampaundi ya ioni ya kawaida. Chumvi ya mezani (sodiamu kloridi), yenye bondi ioni, haiyeyuki mpaka 801.

Hatua ya 3: Kagua kila bondi, usiipe kampaundi nzima jina moja. Hapa ndipo alama nyingi hupotea. Chukua sodiamu kaboneti, iliyomo kwenye magadi ya kupikia. Kati ya sodiamu na kaboneti kuna bondi ioni. Ndani ya kaboneti yenyewe, kaboni na oksijeni zimeshikana kwa kovalenti. Amoniamu kloridi haina metali hata moja, na bado ina bondi ioni kati ya amoniamu na kloridi.

Hatua ya 4: Hakikisha kwa macho. Weka punje chache za sukari, ambayo ni ya kovalenti, kwenye kijiko cha zamani, ushike mpini kwa kitambaa, upashe juu ya mshumaa. Sukari italainika, iwe kahawia, kisha nyeusi. Rudia kwa chumvi: itarukaruka kwa mlio, lakini itabaki nyeupe ileile. Moto wa mshumaa chini ya kijiko hautoshi kuzibandua ioni zake.

Hatua ya 5: Chora. Kwa bondi ioni, weka kila ioni ndani ya mabano na chaji yake juu kulia. Kwa molekuli za kovalenti kama maji, pishanisha maduara, uweke elektroni zinazochangiwa mahali yanapokutana, wala usiandike chaji yoyote. Ukimaliza, hesabu elektroni za nje za kila atomi: klorini iwe na 8, haidrojeni 2. Zikipungua au kuzidi, rudi kwenye fomula uliyoandika mwanzo.