Namna ya kuandika habari ya bunduki iliyobuniwa nyumbani

Karibu kila mwaka klabu yetu ya historia hapa Temeke hupata mwanafunzi anayetaka kuandika juu ya nchi iliyoamua kulitengenezea jeshi lake bunduki. Rasimu ya kwanza huwa ileile: jina la mbunifu, mwaka, urefu, uzito, basi. Namrudishia. Nitaeleza ninavyowaelekeza, na mfano wangu ni INSAS, bunduki ya jeshi la India, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyonifundisha mimi kazi hii.

Anza na askari anayelalamika. Kabla hujagusa INSAS, tafuta alichokuwa nacho mkononi: SLR, ndugu wa FAL ya Ubelgiji, yenye risasi ya milimita 7.62 kwa 51. Risasi moja ya aina hiyo ina gramu 24 hivi. Ile ya 5.56 kwa 45, inayotumiwa na INSAS, ina kama 12. Piga hesabu ya risasi 100 mgongoni mwa mtu anayepanda mlima, uiweke kwenye aya ya kwanza. Msomaji ataona mwenyewe kwa nini miaka ya 1980 India ilihangaika kupata silaha mpya.

Kisha uliza kila kiungo kimetoka wapi. Vijana hudhani kitu cha nyumbani hakipaswi kufanana na cha jirani. INSAS imeazima kwa AK na kwa FAL. Galil ya Israeli, ya mwaka 1972, imetokana na RK 62 ya Finland, na Afrika Kusini ikaichukua Galil ikaifanya R4. Usiyaandike hayo kama aibu. Andika kilichobadilishwa: R4 ilipewa kitako kirefu zaidi, cha plastiki ngumu, maana chuma kilichoshinda juani huunguza shavu la mpigaji.

Sasa kaa kwenye matumizi, na usiwe na haraka. Mwaka 1998 INSAS ilionyeshwa kwenye gwaride la Siku ya Jamhuri. Mwaka uliofuata ikapandishwa milimani Kargil, India ilikopigana na Pakistan, na huko magazini zake za plastiki, yaani visanduku vya kutilia risasi, zikapasuka kwa baridi. Mwanafunzi wangu mmoja wa Buguruni hakuielewa sentensi hiyo. Dar ni mji wa joto; plastiki tunayoijua sisi ni dumu lililochakaa kwa jua. Mama yake huuza barafu za vijiti, basi akachukua mfuniko wa kopo la siagi akaulaza ndani ya friza usiku kucha. Asubuhi aliukunja kwa vidole viwili tu. Ulitoa mlio mkavu kama wa kijiti, ukabaki vipande viwili, ukingo wake mweupe. Aliviweka mezani kwangu bila kusema neno. Aya aliyoandika siku ile ndiyo bora kuliko zote nilizosahihisha mwaka huo.

Angalia majina pia. Hapa kwetu AK tunaiita SMG, kuanzia JKT hadi kwenye taarifa za polisi. Kwingine herufi hizo ni za bunduki ndogo inayotumia risasi za bastola. Ukiliandika, lifafanue mara moja, kisha endelea nalo. Ni neno letu na lina haki yake.

Usimalize habari siku bunduki ilipokabidhiwa jeshini. India leo ina kiwanda Korwa, wilaya ya Amethi, kinachounda AK-203 yenye asili ya Urusi. Kenya ilifungua kiwanda chake Ruiru mwaka 2021, kwa lengo la bunduki 12,000 kwa mwaka. Kubuni ni jambo moja, kuunda ni jingine. Lazima useme unazungumzia lipi.

Mwisho, mpe rasimu mtu aliyewahi kubeba silaha vitani. Mimi huwapeleka kwa baba yangu, aliyekuwa Kagera mwaka 1978 na 1979. Yule binti wa Buguruni alimsomea kazi yake yote barazani. Baba alisikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza, “Mjukuu wangu, hao vijana walikuwa juu kiasi gani?” Hakuwa ameandika. Alirudi kutafuta, akaongeza kwa kalamu ya risasi pembeni mwa ukurasa: Tiger Hill, mita 5,062.