Dawa ya kupunguza maua ya mpichi: hesabu kabla ya kupuliza

Mpichi uliochanua vizuri hauwezi kulea hata robo ya maua yake. Ua moja tu katika kila kumi likishika tunda, mti kwa kawaida umeshatosheka. Yakishika mengi zaidi utavuna pichi ndogondogo, matawi yatapasuka kwa uzito, na vichipukizi vya kuzaa mwakani vitadumaa. Wakulima wengi wanalijua hilo. Kinachowashinda ni kazi yenyewe, maana kutungua vitunda kimoja kimoja kwa mkono huchukua siku nyingi, tena siku zile zile ambazo shamba zima linakuita.

Ndiyo maana swali la kama ipo dawa ya kuifanya kazi hiyo haliishi. Nalijibu waziwazi: ipo dawa ya kukupunguzia kazi, lakini ya kukumalizia kazi sijaiona. Mwenye mitofaa ana dawa kadhaa za kudondosha vitunda vichanga, na nyingi kati ya hizo hazitegemeki kwenye mpichi. Ethefoni, dawa inayochochea matunda kuiva na kudondoka, huweza kuangusha vitunda, ila matokeo yake huyumba kufuatana na joto, na kipimo kikizidi majani hupukutika na matawi hutoa utomvu. Usiijaribu kwa kubahatisha.

Zilizozoeleka zaidi kwa mpichi ni zile zinazounguza maua: thiosulfati ya amonia, ambayo ni mbolea pia, na salfa ya chokaa, ambayo mara nyingi huchanganywa na mafuta ya samaki. Hizi hukausha sehemu ya kike ya ua, chavua ikakosa njia ya kufika kwenye ovari, yaani kifuko kinachogeuka tunda. Ukielewa hapo, utaelewa kwa nini wakati ndio kila kitu. Ua ambalo bado limefumba halipati madhara makubwa. Ua lililofunguka siku kadhaa zilizopita huenda limekwisha kurutubishwa, nalo litashika tunda hata ukiliogesha dawa. Unalolilenga ni ua la katikati, lililofunguka karibuni. Kwa hiyo wengi hupuliza mara moja pale maua yapatayo asilimia 70 hadi 80 yamefunguka, na hawaamui kwa kutazama mti kutoka barabarani. Juu ya mti huchanua tofauti na chini, na aina moja ya pichi hutangulia nyingine.

Chagua miti michache inayofanana na mingine, kisha katika kila mmoja hesabu maua kwenye matawi manne au matano yaliyoota msimu uliopita, maana mpichi huzaa kwenye hayo. Tuseme tawi lina maua 24 na wewe unataka pichi nne. Usilenge kubakiza manne! Baridi kali, wadudu na mdondoko wa kawaida bado havijachukua fungu lao. Lenga kuua kama nusu, yanayobaki utayamalizia kwa mkono. Na kama hesabu inaonyesha maua ni machache tangu mwanzo, iache dawa stoo. Kama ni mengi kupita kiasi kila mwaka, kasoro ipo kwenye upogoaji. Mkasi hupunguza maua kwa uhakika kuliko dawa yoyote.

Mahali penye jalidi, yaani umande unaoganda kwa baridi, mimi singepuliza kabla hatari haijapita. Ua ulilolichoma halirudi, na jalidi ikifuata usiku utabaki na mti wa majani matupu. Tazama pia unyevu: dawa inayochelewa kukauka huunguza zaidi, na joto kali huongeza madhara kwa majani machanga.

Kipimo fuata cha kwenye lebo, na lebo yenyewe iwe imeruhusu matumizi hayo kwenye pichi. Salfa ya chokaa huharibu macho na kuchoma ngozi, hivyo miwani ya kinga, glavu na nguo ndefu ni lazima. Usiichanganye kamwe na kitu chenye asidi, kwa kuwa hutoa gesi ya sumu inayoweza kuua. Puliza nyuki wakiwa hawapo mauani.

Siku chache baadaye petali zitakuwa za kahawia na utashtuka. Subiri. Baada ya wiki mbili au tatu vitunda vilivyorutubishwa vitavimba na kupasua ganda la ua lililokauka, vingine vitageuka njano na kuanguka. Rudi kwenye matawi yale yale uhesabu tena, na ulinganishe na miti miwili mitatu ambayo hukuipulizia.

Kisha ingia kwa mkono, ukiacha nafasi ya sentimita 15 hadi 20 kati ya tunda na tunda. Ng'oa kwanza yaliyopacha, yenye jeraha na yaliyodumaa. Maliza kabla kokwa halijawa gumu: pasua vitunda vichache kwa kisu, na ukiona ncha ya kokwa imeanza kukataa kukatika, muda umekwisha kukuponyoka na ukubwa utakaoupata kwa kupunguza utakuwa mdogo.