Mikoko: namna ya kuipanda ikashika

Watu wa Gazi na Makongeni kule Kwale wanatunza hekta 117 za mikoko tangu 2013, wanauza kaboni nje (yaani wanalipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko inanyonya) kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja na pesa inarudi kwa maji na shule, so ukitaka kuanza kwenu anza na udongo kwanza usikimbilie mradi.

Subiri maji yapwe. Okota mbegu za mkoko zilizokomaa, ni ndefu kama fimbo ndogo, angalia hapo juu kama kuna kipete cha njano, ikiwa bado kijani iache, na ukiona tundu la mdudu tupa. Hazihitaji kitalu. Shika wima, ncha kali chini, sukuma kwa tope kama theluthi moja hivi basi, kisha ruka mita moja uchomeke nyingine.

Lakini jamani, mahali ndio kila kitu!! Usipande juu ya nyasi bahari wala pahali mikoko haijawahi kuota, itakufa yote na hizo nyasi utakuwa umeziharibu bure. Waulize wazee wavuvi palikuwa na msitu wapi. Halafu rudi kila mwezi, zilizokufa pandikiza tena, na mbuzi wafungwe mbali.